Mapambo Ashika Maiki

Darasa la uandishi lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya useremala ya chuo, kwa hiyo hadithi zote zilizosomwa humo zilinukia vumbi la mbao. Meza zilipangwa duara. Katikati ya duara palikuwa na kiti kimoja kilichokatika mkono, na kiti hicho kilikuwa na jina: Kiti cha Bubu.

Desturi ya darasa ilikuwa hii. Mwandishi hasomi hadithi yake mwenyewe. Anakaa kwenye Kiti cha Bubu, kafunga mdomo, na mwenzake anamsomea. Wengine wanasikiliza, mikono juu ya meza. Mtu akifika mahali ambapo haamini tena, anagonga. Ngo! Msomaji anasimama, mgongaji anaeleza kilichomkwaza, halafu safari inaendelea. Mwandishi haruhusiwi kujitetea, kuguna, wala kukohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu ni mjinga.

"Hadithi zenu zitasomwa na watu msiowajua, na nyinyi hamtakuwepo kuwaeleza mlikuwa na maana gani," Mwalimu wao alizoea kusema. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyechonga penseli kwa wembe huku akiongea. "Anzeni kuzoea kutokuwepo."

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyeitwa Mapambo. Jina la kwenye orodha lilikuwa jingine, ila hakuna aliyelikumbuka. Waliliacha kwa sababu msichana huyo hakuweza kuliruhusu neno litoke nyumbani bila kulivika mkufu, hereni na bangili. Kwake mvua hainyeshi: "machozi ya mbingu yanaibusu ardhi yenye kiu." Mtu hali: "anakikirimu kinywa chake kwa riziki tukufu." Hata alipoomba ruhusa ya kwenda msalani, wenzake walikaa mkao wa kusikiliza shairi.

Tatizo ni kwamba Mapambo alikuwa anarudia kozi. Mara ya kwanza alianguka, na kanuni ya chuo ilikuwa wazi kama mchana: ukianguka tena, unatolewa kwenye uandishi na kupelekwa kwenye uhazili, ukachape barua za watu wengine mpaka uote sugu vidoleni. Uhazili ni kazi ya heshima, lakini kwa Mapambo ilikuwa sawa na kukatwa ulimi. Tangu ana meno ya utoto hakutaka kitu kingine duniani ila kuandika.

Ili ufaulu, ulitakiwa kufanya mambo mawili siku ya mwisho. Kwanza, hadithi yako isomwe mbele ya darasa, tena isimame kwa miguu yake. Pili, utoke kwenye Kiti cha Bubu, usimame, na useme bila karatasi umekua wapi tangu ulipoingia. Hiyo waliiita tafakari. Mara ile ya kwanza Mapambo alisimama akasema, "Nilikuwa kiwavi, leo ni kipepeo." Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Kipepeo haandiki," alisema. "Kaa chini."

Muhula wa pili ulipofika katikati, zamu ya Mapambo ilifika ya kusomewa hadithi ya majaribio. Aliketi kwenye Kiti cha Bubu, amejiamini kama bibi harusi. Msomaji alikuwa kijana waliyemwita Besi, kwa sauti yake iliyotokea chini kabisa ya tumbo.

"'Katika usiku wa theluji iliyoufunika mnara wa kasri kama shuka la malaika,'" Besi alisoma, "'Baroni alimpanda farasi wake mweusi. Naye farasi, akiwa amebeba simanzi ya bwana wake, akacheua polepole...'"

Ngo!

Aliyegonga ni Afande. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake, mlinzi wa ghala aliyekuja darasani na buti zake za kazini, na alizisikiliza hadithi kama anayemhoji mtu getini.

"Farasi hacheui," alisema. "Anayecheua ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nimeshalinda farasi. Farasi akicheua, usiandike hadithi, ita daktari."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Besi akajifuta machozi, akaendelea. "'Baroni akaketi bustanini, akamenya embe...'"

Ngo! Ngo! Ngo! Meza tatu kwa mpigo.

"Embe kwenye theluji?" mmoja aliuliza. "Huyo Baroni kalinunua kwa nani?"

Hadithi ile iligongwa mpaka ikawa haina pa kuwekea mguu. Mapambo alijikaza kisabuni. Alipofunguliwa kinywa, Mwalimu alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, theluji umeshawahi kuiona?"

"Nimeiona, Mwalimu."

"Wapi?"

"Kwenye friji."

"Basi andika friji."

Kabla kicheko hakijatulia, sauti nyingine ilipanda kutoka barabarani, ikaingia kwa madirisha yote. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye mikwaruzo na madaha.

"Tangaaazo! Tangaaazo! Wakazi wa barabara ya juu na barabara ya chini! Kesho maji yanakatika, asubuhi mpaka jioni! Jaza ndoo! Jaza sufuria! Jaza hata birika! Usije ukasema hukuambiwa. Mimi ndiye niliyekuambia!"

Wanafunzi wakakimbilia madirishani. Pikapu kuukuu ilikuwa inapita taratibu, spika mbili za tarumbeta zimefungwa juu yake kwa mpira wa tairi. Besi akajishika kiuno, akaiigiza: "Jaza hata birikaaa!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mapambo naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote. "Watu wengine makelele ndiyo kazi yao," alisema.

Wala hakuna aliyejua kwamba sauti ile ilikuwa ya shangazi yake, na kwamba dereva alikuwa baba yake mzazi. Mapambo aliwaambia wenzake kwamba baba yake "yuko kwenye mambo ya mawasiliano" na shangazi yake "ni mtangazaji". Uongo haukuwepo hapo hata chembe. Ukweli ndio uliokuwa umevaa nguo ya kuazima.

Aliporudi nyumbani jioni aliikuta pikapu uani. Baba yake, mtu wa maneno machache, alikuwa anasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, anavua hereni. Yeye alijipamba kila siku kabla ya kupanda gari, ingawa wasikilizaji wake walimsikia tu. "Sauti iliyovaa vizuri inajulikana," alidai, na kubishana naye kulihitaji mtu mwenye mapafu kama yake.

"Haya, hadithi yako imekwendaje?" Shangazi aliuliza.

"Wamegonga."

"Wamegonga sana?"

"Mpaka maseremala wa chini wakadhani wamepata wateja."

"Wana wivu hao," Shangazi alisema mara moja. "Lakini wenzako nimewapenda. Nilipopita pale chuoni walijaa madirishani, wanacheka, wananipungia. Hao wanajua thamani ya kazi. Walimu wao wamewalea."

Mapambo alikosa pa kuweka macho. Aliingia ndani bila kuaga, moyo umemvimba kama andazi.

Siku za mwisho wa muhula zikakaribia na bado hakuwa na hadithi. Alianza moja ya malkia, ikafia mlangoni mwa kasri. Alianza nyingine ya mpelelezi avutaye kiko, akajikuta hajui kiko kinajazwaje. Kila aliposhika kalamu, alimwona Afande ameinua ngumi.

Jumamosi moja asubuhi, Shangazi aliamka hana sauti. Mafua yalikuwa yameichukua yote. Alipofungua mdomo ulitoka upepo mtupu, kama tairi iliyokanyaga msumari. Na siku za namna hiyo ndizo watu huhitaji matangazo. Chai haijapoa, mwanamke mmoja akaingia uani mbio, khanga begani, anatweta.

"Jamani nisaidieni! Baba yangu katoka nyumbani, hatujui kaelekea wapi. Anasahau siku hizi. Na dawa yake ya sukari hajanywa."

Baba alikuwa ameshawasha gari. Shangazi akaelekeza kidole kooni pake, kisha akamwelekezea Mapambo.

"Mimi?" Mapambo alishtuka.

Baba akamkabidhi maiki, ikiwa imevishwa kitambaa kuzuia upepo. "Kwani hapa kuna nani mwingine?" aliuliza.

Wakaondoka: Baba kwenye usukani, Shangazi kando yake, Mapambo na yule mwanamke wamebanana kiti cha nyuma pamoja na betri. Mapambo akapiga moyo konde. Akafikiri: hii ndiyo nafasi yangu, mji mzima utanisikia. Akavuta pumzi, akabonyeza swichi.

"Enyi mliojaaliwa nyoyo za huruma! Nguzo ya familia, mzee mwenye nywele nyeupe kama pamba na macho yaliyobeba hekima ya vizazi, ametoweka kama ukungu wa alfajiri! Mumwonapo, mrejesheni kwenye kumbatio la wampendao!"

Baba akamtazama kwenye kioo. "Ukungu?"

"Ni tashbihi, Baba."

"Haya."

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza, vijana wawili walisimamisha gari wakiwa wamemshika mzee mmoja viwiko, naye anawapiga kwa mwavuli.

"Niacheni, watoto wasio na adabu! Nimetoka kununua sabuni!"

"Tulia, mzee wetu, unapelekwa kwenye kumbatio," kijana mmoja alimbembeleza. "Ana nywele nyeupe na macho ya hekima, dada, tumemkagua."

"Hekima ninayo, na nyumbani kwangu napajua!" mzee alifoka.

Walipoachana na huyo, hawakumaliza barabara kabla hawajasimamishwa tena. Safari hii mzee alikuja peke yake, ameshika fimbo, kifua mbele. Alikuwa karani mstaafu wa posta. "Nimesikia mnamtafuta mwenye hekima ya vizazi," alisema. "Nani kawaelekeza kwangu?" Akapanda nyuma ya pikapu, akaketi, na hakuna maneno yaliyomshusha. Mbele kidogo mwanamke mmoja alitoka nje akimvuta mumewe kwa mkono wa shati. "Wangu nywele nyeupe anazo," alisema. "Hekima hana. Lakini kama kuna watu wanampenda huko, mchukueni."

Siku nyingine Mapambo angecheka. Lakini binti wa mzee aliyepotea alikuwa ameanza kulia, kilio cha kimyakimya kinachotikisa mabega tu. "Dada," alimwambia, "jua linapanda. Bila ile dawa baba yangu ataanguka, na atakuwa mahali ambapo hakuna anayemjua."

Shangazi akageuka kwenye kiti chake. Kwa kuwa sauti hakuwa nayo, alitumia njia iliyobaki: alimfinya Mapambo paja. Finyo lile halikuwa na tashbihi yoyote.

Mapambo akazima maiki. Ghafla akakumbuka kitu alichokijua kabla hajajua kusoma, enzi alipokuwa akikaa mapajani mwa Shangazi humo humo garini, akitangaza kwa upawa. Mtu aliye jikoni anaanza kukusikia gari likifika kwenye ukuta wake, na anaacha kukusikia likiupita. Nafasi yako ni hiyo tu, haimtoshi mtu hata kumenya kitunguu. Ukimpa ukungu, anabaki na ukungu. Mpe kitu atakachokishika, atoke nacho nje.

"Dada, nyamaza kidogo uniambie," alisema. "Amevaa nini?"

"Pajama. Ya mistari ya bluu."

"Miguuni?"

"Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Tunamvalisha, anabadilisha."

"Ameshika chochote?"

"Bisibisi. Haachi bisibisi yake, hata akilala. Alikuwa fundi saa."

"Mkimwita anaitika?"

"Ukimwita baba hageuki. Ukimwita Fundi, anageuka. Na ukimuuliza saa ngapi, lazima asimame akujibu."

Mapambo akawasha maiki. Safari hii hakutafuta sauti ya mtu yeyote. Iliyotoka ilikuwa ile iliyokuwamo kooni mwake tangu zamani, yenye mikwaruzo kidogo na madaha kidogo. Hata Baba aligeuza shingo kuhakikisha Shangazi hajapona.

"Tangaaazo! Mzee amepotea! Pajama ya mistari ya bluu! Kiatu kimoja cheusi, kimoja cha kahawia! Mkononi bisibisi! Ukimwita babu hageuki, mwite Fundi! Akikupita, muulize saa ngapi, atasimama! Mkalishe kivulini, mpe maji, ngoja gari hili! Usije ukasema hukuambiwa. Mimi ndiye niliyekuambia!"

Milango ikaanza kufunguka. Wanawake walitoka na mikono yenye povu, watu wa maduka wakachungulia chini ya meza zao, na kila aliyepita barabarani akatazamwa miguu kwanza. Gari halijazunguka kona ya soko, kinyozi akatoka dukani kwake anapunga taulo.

"Njooni! Viatu viwili tofauti, bisibisi, yuko ndani!"

Walimkuta Fundi amekaa kwenye kiti cha kunyolea. Alikuwa ameiteremsha saa ya ukutani ya kinyozi, ameifungua, ameipanga mapajani kipande kwa kipande, na wateja wamekaa wanamtazama kwa heshima.

"Nilidhani nilimwita nikasahau," kinyozi alijitetea. "Saa hiyo imekufa siku nyingi."

Binti akapiga magoti mbele ya baba yake, akampa dawa na maji, analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Saa ngapi, Fundi?" alimuuliza. Mzee akaitazama saa iliyokuwa vipande vipande mapajani pake. "Ngoja niirudishe," alijibu, "nisije nikakudanganya."

Jioni ile Mapambo aligeuza kreti la soda kando ya pikapu, akakaa, akaandika. Hakuita malkia wala mpelelezi. Aliandika gari lao, mpira wa tairi uliozishika spika, hereni za Shangazi, mzee mwenye mwavuli na mzee aliyejileta mwenyewe. Tabia haina dawa, kwa hiyo mara mbili tatu mkono wake uliteleza ukaandika "mbalamwezi". Kila ulipoteleza alijiuliza kama mtu wa jikoni angetoka nje kwa neno hilo. Kama hatoki, alilifuta. Pambo moja alilibakiza: sauti ya Shangazi iliyokauka aliifananisha na tairi iliyokanyaga msumari. Alilipima, akaliona linafanya kazi, akaliacha.

Siku ya mwisho ikafika. Mapambo akakaa kwenye Kiti cha Bubu. Akanyoosha mgongo. Besi akachukua kurasa, akaanza kusoma. Alipofika kwenye "Tangaaazo!" akajishika kiuno kama kawaida yake, akaiigiza ile sauti ya barabarani, na darasa likacheka. Ila kadiri alivyosoma, mkono ulimtoka kiunoni wenyewe. Kwenye wazee watatu walicheka kicheko cha aina nyingine, kile cha mtu anayemwona anayechekwa. Binti alipoanza kulia kimyakimya garini, darasa likatulia kama maji mtungini. Msumeno wa maseremala ulisikika chini, ukanyamaza nao. Afande alikuwa ameinua ngumi tangu ukurasa wa pili, akaisahau hewani.

Ngo!

Vichwa vyote vikageuka. Aliyegonga ni Mwalimu.

"Hapo," alisema. "Mtu asiyemjua ameingia dukani na pajama, na kinyozi anamwachia afungue saa yake. Siamini."

Mapambo akafungua mdomo, akakumbuka alipokaa, akaufunga. Besi akasoma mpaka mwisho. Mwalimu akafuta miwani yake. "Haya, bubu amepona. Nijibu, kisha utoe tafakari yako."

Mapambo akasimama. Alijua kwamba pale alipo, neno moja la uongo lingempeleka kwenye uhazili.

"Nilirudi kumuuliza kinyozi swali hilo hilo, Mwalimu," alisema. "Akaniambia, yule mzee alishika bisibisi kama mtu aliyezaliwa nayo. Mtu anayeshika chombo namna hiyo, humuulizi katoka wapi."

"Kwenye hadithi limo?"

"Halimo."

"Ndilo lililopungua. Liandike."

Mapambo akachukua kalamu, akainama juu ya meza ya Besi, akaliandika pale pale. Lilikuwa sentensi moja. Akamrudishia Besi, Besi akaisoma kwa sauti, na Afande akashusha ngumi yake, akaiweka mezani polepole, bila mlio.

"Sasa tafakari," alisema Mwalimu. "Umekua wapi?"

"Mara ile nilisema nimekuwa kipepeo. Leo sijui nimekuwa mdudu gani." Darasa likacheka, naye akangoja wamalize, bila haraka. "Ninachokijua ni hiki. Nilikuwa nasimama kwenye milango ya watu kuomba maneno. Kwa baroni naomba, kwa malkia naomba. Kumbe nyumbani kwetu kuna maneno yanayopita barabarani kila siku, na watu wanaacha vyungu motoni kuja kuyasikiliza. Nimelelewa nayo, lakini sikuwahi kuyaweka kwenye karatasi, kwa sababu nilidhani kitu kikishakuwa chetu basi si fasihi. Sasa nikiandika namwona mtu wa jikoni, gari linapita ukutani kwake. Najiuliza nimempa nini. Mapambo sijayaacha, jina ni langu. Ila kwangu sasa pambo lisilofanya kazi halipandi gari."

Akamgeukia Besi.

"Na ile sauti mnayoigiza ni ya shangazi yangu. Dereva ni baba. Besi, unaikosea. Yeye huvuta pumzi kabla ya 'usije', wewe unavuta baada. Sikiliza." Akajishika kiuno, akavuta pumzi. "Usije ukasema hukuambiwa. Mimi ndiye niliyekuambia!"

Madirisha yalitetemeka. Besi mwenyewe akaanza kupiga meza kwa viganja vyote viwili, na duara zima likamfuata, mpaka seremala mmoja akapanda ngazi kuuliza kulikoni.

Mwalimu aliandika alama kwa penseli yake iliyochongoka, akaigeuza karatasi Mapambo aione. "Huko kwenye uhazili watakukosa," alisema.

Hadithi ile haikuishia darasani. Walimu waliichagua kuwa bora ya mwaka, na siku ya kufunga chuo Mapambo aliitwa ukumbini aisome mwenyewe, mbele ya wanafunzi, wazazi na Mkuu wa chuo. Baba alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Shangazi alikaa mstari wa mbele, hereni kubwa kuliko zote, koo limepona. Mapambo alisoma bila kutetemeka. Alipomaliza, ukumbi ulisimama, na Mkuu wa chuo akashuka jukwaani kumkabidhi tuzo, mashine ya kuandikia iliyofungwa utepe. Kabla hajaishika vizuri, sauti isiyohitaji spika ikavuma kutoka mstari wa mbele: "Huyo wa kwetu! Tena anisikilize: mbona hukuandika kwamba siku ile nilivaa gauni jipya?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mapambo akacheka nao, safari hii bila kitu cha kuficha. Alitangatanga kwenye makasri ya watu akaambulia kugongwa, akarudi kucheza ngoma ya nyumbani akapokewa kwa mikono miwili. Ndiyo maana wahenga walisema, wala hakuna aliyewagongea meza mpaka leo: mcheza kwao hutuzwa.